Usingizi wa Athman Mpishi

Wanafunzi wangu, mliponiomba niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau, nilicheka peke yangu jikoni. Miaka yote niliyofanya kazi, wagonjwa wangu wengi walikuwa watu waliosahau. Mimi bado nakumbuka, na nikikosea mahali, mtanisamehe kama nilivyowasamehe nyinyi mlivyokuwa mkinificha chaki zangu.

Vyeo sitavitaja. Vilikuja vimechelewa, nami nikaviacha palepale mlangoni. Nitaanza na siku ya kwanza.

Nilifika hospitalini nikiwa msichana wa Mambrui aliyetoka chuoni juzi, koti jeupe limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Chumba cha mazoezi ya viungo kilikuwa mwisho wa ujia, palipokuwa stoo ya vitanda vibovu. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mzee aliyeanguka kutoka juu ya mnazi. Nikampa shikamoo, nikakaa, nikaanza kumkunja goti na kulikunjua kwa bidii zangu zote. Robo saa nzima. Mzee alivumilia mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Binti yangu, hilo ni zima. Bovu ni hili la pili."

Mkubwa wangu, Bwana Charo, alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote huo. Hakunikaripia. "Leo umejifunza kuuliza," alisema. "Kuna wanaostaafu hawajajifunza."

Bwana Charo ndiye aliyenifundisha kazi. Vyuma vile viwili ambavyo mgonjwa hushika akijifunza kutembea, alivitengenezesha kwa mabomba ya maji. Mifuko ya mchanga ya kufunga miguuni aliishona mwenyewe kwa turubai la lori. Na alikuwa na swali lake moja ambalo mimi nililiona la kimbea. Kila mgonjwa wa kichwa, yaani aliyeumia kichwani, alipoletwa, kabla hajamgusa, aliwauliza jamaa zake: "Kwenu analala wapi? Na nani? Chini ya paa gani?" Nilidhani anatafuta habari za watu. Mzee huyo alipenda habari za watu, hilo sikatai, lakini swali lile lilikuwa la kazi.

Nilianza kumwelewa kidogo kwa ajili ya gurudumu. Kulikuwa na kigari cha dawa kilichopita wodini saa zote, na gurudumu lake moja lililia kama paka aliyekanyagwa. Kila kilipopita, wagonjwa wa vichwa walishtuka wote kwa pamoja. Mmoja wao, fundi wa majahazi, alikuwa akiniambia kila asubuhi kwamba ameota paka. Siku moja nikachukua mafuta ya nazi, yale yangu ya nywele, nikalipaka gurudumu. Wodi ikanukia kama bibi harusi kwa wiki mbili, na wagonjwa wakalala. Fundi yule, ambaye kwa siku kumi hakuweza kuhesabu vidole vyake mwenyewe, alivihesabu vyote na vya kwangu akaongeza.

Mngedhani tangu siku hiyo nilikuwa nimelielewa somo. Nililielewa gurudumu tu. Somo lenyewe nilikuja kulielewa miaka mingi baadaye, Bwana Charo ameshastaafu na mimi ndimi niliyekuwa mkubwa wa chumba, siku nilipoletewa Athman.

Athman alikuwa mpishi wa hoteli moja ya Bofa. Walisema angeweza kusikiliza maagizo ya meza nzima ya watu ishirini bila kuandika, na kila mtu akapata chakula chake. Kwao ni Barani, hapa Malindi, kwenye nyumba ya mamake, Bi Mwanahawa, alikokuwa akiishi na mkewe Riziki na watoto wao wawili. Siku moja alikuwa akirudi nyumbani kwa pikipiki, dereva akamkwepa mbuzi barabarani, wote wakaanguka. Dereva alichubuka viwiko. Athman hakuwa na kofia ngumu, kichwa kikagonga lami. Alikaa siku kadhaa bila fahamu, kisha akazinduka, akaruhusiwa kwenda nyumbani, akawa anakuja kwangu mara mbili kwa wiki.

Mwanzo alinifurahisha. Mguu wa kushoto uliokuwa ukiburuta ulianza kunyanyuka. Kisha, badala ya kwenda mbele, akaanza kurudi nyuma. Nikimwambia achukue kikombe, akiweke mezani, kisha akae, alikichukua kikombe akasimama nacho akinitazama. Alilia bila sababu. Alinitukana, yeye ambaye mkewe aliapa hajawahi kumsikia akitukana hata nzi. Nami nikafanya kosa ambalo nataka mlisome polepole: nikamwongezea mazoezi. Niliona ni uvivu. Kwenye faili lake niliandika kwa mkono wangu, "Hana bidii."

Wiki iliyofuata Riziki alikuja peke yake. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa.

"Athman yuko wapi?" nikauliza.

"Nyumbani. Jana alirusha sufuria la uji. Hakunilenga mimi, Daktari, alilenga ukuta. Mimi ndiye niliyekuwa njiani." Alijaribu kucheka, akashindwa. "Mume wangu nilimleta hapa hospitalini. Huyu niliyerudishiwa simjui. Nimekuja kukuambia kwamba nimeshafunga nguo zangu. Nakwenda kwetu Jilore."

Mimi si daktari, na maisha yangu yote nimewaambia watu hivyo bila mafanikio. Lakini siku ile niliona haya kuitwa daktari. Nikamwambia, "Ngoja kidogo, dada yangu. Nipe siku moja nije nyumbani." Kisha nikampeleka Athman kwa daktari wa kweli, ampime upya asije akawa na damu iliyovilia kichwani. Hakuwa nayo. Basi kesho yake asubuhi nikaenda Barani, nikakaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya chumba, nikaangalia.

Niliyoyaona ni haya. Paa la mabati bila dari, na jua la Malindi mnalijua. Upande wa pili wa ukuta, fundi wa mageti akikata vyuma kwa msumeno wa umeme. Athman amelazwa chumba cha mbele, kwa sababu ndicho kikubwa na ndicho kinachofaa kupokelea wageni. Na wageni walikuja! Walikuja madereva wa pikipiki, wakaja akina mama wa chama cha arusi, wakaja wapishi wenzake kutoka Bofa, wakaja aliosoma nao darasa la tatu. Mapenzi matupu. Kila aliyeingia alimtikisa bega Athman na kumuuliza swali lilelile:

"Athman! Wanijua mimi? Mimi ni nani?"

Athman alifumbua macho, akamtazama mgeni, akatafuta jina, asilipate. Mgeni akasikitika, akaweka ndizi zake chini, akapewa kahawa. Athman naye akapewa, maana si adabu wageni wanywe na mwenyeji atazame. Kahawa tungu, isiyo na sukari, ya dele, lile birika la shaba. Kabla macho hayajafumba tena, hodi nyingine. "Athman, mimi ni nani?" Kabla ya adhuhuri mtu huyu alikuwa amefanya mitihani kumi na nne, na yote ameanguka.

Nilimuuliza Riziki kuhusu usiku. Akaniambia watoto hulala chumba hichohicho, runinga ni ya jirani lakini sauti ni ya wote, na Bi Mwanahawa hukaa na taa akimsomea mwanawe dua mpaka karibu na alfajiri. Akijigeuza tu, mama humwinua ampe uji. Aliletewa pia mwalimu wa kumsomea dua, mtu mwema sana, lakini alikuja na wenzake kumi na wote walikaa mpaka pilau ikaiva.

Hapo ndipo niliposikia swali la Bwana Charo kana kwamba naulizwa mimi. Mgonjwa wangu hakuwa mvivu. Alikuwa hajalala tangu atoke hospitalini.

Nikamweleza Bi Mwanahawa kama ninavyowaeleza nyinyi. Ubongo ulioumia hujitengeneza zaidi mtu akiwa amelala. Asipolala, kumbukumbu hushuka na hasira hupanda, na mazoezi ninayompa hayashiki. Anatakiwa kupata mahali penye kivuli, pasipo kelele, watu wachache, na saa zake za kulala na kuamka ziwe zilezile kila siku.

Riziki akasema taratibu, "Kwetu kuna nyumba ya makuti shambani, baridi mchana kutwa. Baba na mama wako peke yao."

Bi Mwanahawa aligeuka kama aliyemwagiwa maji. "Mwanangu akauguzwe ukweni? Mimi nipo hai, nina macho mawili, mwanangu alazwe kwa wakwe zake? Watu watasema nini? Watasema Mwanahawa kamchoka mwanawe!"

"Mama, si kuchoka..."

"Na wageni niwafukuze? Hawa watu wametoka mbali kwa mapenzi yao. Hapana, mwanangu. Wewe fanya kazi yako ya miguu, mambo ya nyumba niachie mimi."

Alikuwa akinimiminia kahawa huku akisema, na kahawa yote ilikuwa ikiingia kwenye kisahani. Hakuona. Nikamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Macho mekundu, leso kaivaa ndani nje.

"Mama," nikasema, "wewe mwenyewe mara ya mwisho umelala lini?"

"Mimi? Mimi nauguza."

"Basi nifanyie hisani moja. Nipe mlango wako mpaka alasiri. Mlango tu. Wewe na Athman mjinyooshe, mimi nitakaa nje nipokee wageni. Ikifika alasiri sijaleta faida yoyote, nitakunywa kahawa yangu niende zangu, na sitasema tena neno juu ya Jilore."

Alikubali, nadhani kwa kuchoka kubishana. Nikaenda kwanza kwa fundi wa mageti nikiwa nimejiandaa kwa vita. Fundi alizima msumeno, akavua miwani, akashika kichwa. "Athman yuko humo ndani? Subhanallah! Mimi nilijua bado yuko hospitali. Mbona hamkuniambia?" Akafunga kazi, akaenda kula. Wiki zile zote hakuna aliyemwambia kitu, kwa sababu kila mtu alidhani anajua.

Nikaweka kiti changu mlangoni. Niliwarudisha watu kumi na mmoja na kuku mmoja. Wawili walinuna. Bibi mmoja aliniambia nina roho ya jiwe, nikamwambia ahsante, shikamoo, karibu kesho. Ndani, Bi Mwanahawa aliyelala juu ya mkeka "dakika tano tu" alianza kukoroma kabla sijamaliza kumfukuza mgeni wa pili. Athman naye alilala. Riziki alipachika leso dirishani kuziba mwanga, akaketi sakafuni karibu na kitanda.

Alasiri, Athman aliamka mwenyewe, bila kutikiswa na mtu. Alimtazama mkewe mkononi. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Riziki, mkono una nini? Nani kakuumiza?"

Nilimwona Riziki akichagua maneno. "Ni sufuria, Athman. Mkono utapona."

"Nilirusha mimi?"

"Ulirusha wewe."

Akaunyoosha mkono wake, akakigusa kile kitambaa. "Nisamehe, mke wangu," alisema. Na akaanza kulia, lakini kilio hiki kilikuwa na sababu.

Kumbe Bi Mwanahawa alikuwa macho kwenye mkeka wake, amesikia yote. Aliinuka, akajifunga leso upya, safari hii vizuri. "Mpelekeni," alisema. "Lakini nami nakwenda."

Alikwenda kweli. Alikwenda na godoro lake, dele lake na kuku watatu. Nilikuwa na wasiwasi jinsi babake Riziki, Mzee Katana, atakavyowapokea, maana mkwe kulala ukweni ni jambo zito kwa pande zote mbili. Mzee yule, mkulima wa mahindi na korosho, alisimama uani, akamtazama Athman anavyoteremshwa, akamtazama Bi Mwanahawa na kuku wake, akasema, "Huyu kijana hajaja kukaa ukweni. Mamake ndiye aliyekuja kututembelea, naye kamsindikiza tu. Karibuni." Kwa maneno hayo mawili aibu yote ikaisha. Nimewahi kukaa mikutano ya siku tatu ya wakubwa wa kazi isiyofikia busara hiyo.

Masharti yangu yalikuwa mepesi. Aamke saa ileile kila siku, akae nje apate jua la asubuhi. Afanye kazi kidogo, apumzike, afanye tena. Mchana ajinyooshe kidogo, asilale mpaka jioni, ili usiku ubaki na kazi yake. Kahawa mwisho ni saa nne ya asubuhi. Bi Mwanahawa afunge dua zake mapema, Mungu anasikia hata zile za mara tu baada ya isha. Wageni waje Jumapili, wawili wawili, na marufuku kuuliza "mimi ni nani". Anayekuja ajitaje mwenyewe: mimi ni Omari, tulipika pamoja Bofa, leo nimekuletea mihogo. Mgonjwa akijua ni nani, anaweza kushughulika na mihogo.

Nilikwenda kila baada ya wiki mbili. Vyuma vya kushikia hatukuwa navyo, tukafunga kamba kati ya miti miwili ya korosho. Alipukuchua mahindi kwa mkono wa kushoto. Alikuna nazi, na siku ya kwanza alipokalishwa juu ya mbuzi ya kukunia, alikitazama kile kibao akasema, "Mbuzi aliniangusha, na sasa mbuzi ananiinua." Mzee Katana alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilicheka pia, kisha nikaenda nyuma ya nyumba kufuta macho, kwa sababu mtu anayetunga mzaha amerudi nyumbani kichwani mwake.

Tatizo pekee la Jilore lilikuwa mama wawili jiko moja. Mamake Riziki alipika mchicha kwa namna yake, Bi Mwanahawa kwa namna yake, na kila siku waligombea nani kaharibu. Siku moja waliamua kumpelekea Athman vijiko viwili aonje. Akaonja cha kwanza. Akaonja cha pili. "Hiki kimezidi chumvi," alisema, "na hiki kimekosa ndimu. Na vyote viwili nazi imetiwa mapema." Mama wawili walitazamana, wakaungana hapohapo dhidi yake. Tangu siku ile walikuwa marafiki.

Msije mkasema Zuhura wenu kawaandikia hadithi ya miujiza. Athman hakurudi kuwa yule wa zamani. Majina bado yanamponyoka, na kwenye watu wengi huchoka upesi. Miezi mingi ilipita kabla hajarudi Bofa, na mkuu wa jiko, mtu muungwana, alimpa kazi ya asubuhi tu, staftahi. Maagizo sasa huandika kwenye karatasi. Mwanzo aliona aibu kushika kalamu mbele ya wenzake. Baadaye aliniambia, "Daktari, zamani nilikuwa najivunia kutoandika. Sasa najivunia kutokosea." Riziki alifungua zile nguo zake, akazirudisha kabatini.

Na si wote waliokuwa na Jilore yao. Nilikuwa na kijana wa mashamba ya chumvi Gongoni, aliyegongwa kichwani na mti wa kipakulio cha magunia ya chumvi, naye akiishi chumba kimoja na wenzake watano, kitanda kikilaliwa kwa zamu. Sikuwa na mahali pa kumpeleka. Nilizungumza na wale wenzake, wakampa zamu nzuri ya kitanda, tukatafuta pamba ya masikioni na kitambaa cha macho. Alipata nafuu ya kiasi, kisha akahama, sikumwona tena. Namfikiria mara kwa mara. Yaulizeni mapema yale niliyoyauliza mimi kwa kuchelewa.

Jambo jingine, msilichanganye: mgonjwa wa kichwa anayelala akaamshika ni mmoja, na anayelala asiamshike, au anayetapika, au anayelalamika kichwa kinazidi kuuma, ni mwingine. Huyo wa pili msimwekee mlinzi mlangoni. Mrudisheni hospitali mbio. Na dawa za usingizi za dukani msikubali apewe bila daktari, hata kama jirani anaapa zilimsaidia shangazi yake.

Lile faili la Athman bado liko kwenu. Sikufuta nilichoandika. Chini yake mtaona kwa wino wa rangi nyingine: "Alikuwa hajalala. Kosa ni langu." Nilitaka anayekuja baada yangu aone yote mawili.

Mwezi uliopita, nikiwa nimeshastaafu na sina koti wala kitambulisho, nilisikia kwamba yule fundi wa mageti wa Barani amepata kiharusi kidogo na ametoka hospitali. Nikanunua machungwa, nikaenda kumtazama. Kufika, nikamkuta Bi Mwanahawa amekaa kwenye kiti mlangoni mwa jirani yake, fimbo mapajani, dele halipo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Machungwa weka hapo."

"Nimekuja kumtazama fundi mara moja tu. Dakika mbili."

Alinitazama kutoka kichwani mpaka miguuni, kama mtu ambaye hajawahi kuniona maishani mwake. "Kalala," alisema. "Njoo Jumapili. Na ukija, jitaje jina."

Nikaweka machungwa chini, nikarudi kwetu kwa miguu, na njia nzima nilikuwa nikicheka.